Mzee ana shamba, kijana ana nguvu: mkataba uko wapi?

NI kawaida ya watu wa Majengo, mjini Mpanda, kuamka mapema. Msimu wa kupanda unapoanza mwezi Novemba, kabla jua halijachomoza utawaona wakulima wakitoka majumbani, jembe limefungwa kwenye baiskeli, wakielekea mashamba yao ya Mwamkulu, Kakese, Kasokola na Magamba. Wanaishi mjini, lakini riziki yao iko shambani.

Ukiwatazama vizuri utagundua jambo. Wengi wa wanaobeba jembe ni watu wenye mvi. Vijana nao wapo, ila yule anayempeleka mzee shambani kwa bodaboda, akishamshusha na kupokea nauli yake, anageuza pikipiki na kurudi mjini kutafuta abiria mwingine.

Leo nataka tuzungumze juu ya wazee na mashamba yao. Sina nia ya kuwaonea huruma, kwani mzee mwenye shamba ni mtu mwenye mali. Nataka tuzungumze kama watu wa biashara. Mzee ana ardhi, kijana ana nguvu, na kati yao hakuna maandishi yoyote. Hapo ndipo familia nyingi zinapopoteza mali, na nyingine zinapopoteza undugu.

Nchi ya vijana, shamba la wazee

Kwanza tuweke hesabu sawa. Tanzania si nchi ya wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Katika Sensa ya mwaka 2022, watu wa umri huo hawakufika sita katika kila watu mia moja. Zaidi ya nusu ya Watanzania hawajafikisha hata miaka 20.

Lakini sehemu ndogo ya watu wengi bado ni watu wengi. Sensa hiyo ilihesabu watu 61,741,120, kwa hiyo wazee wetu ni zaidi ya milioni tatu, na idadi yao inaongezeka kila tunapohesabiana. Watu wanaishi muda mrefu kuliko zamani, jambo ambalo ni la kumshukuru Mungu. Hata hivyo, maana yake shambani ni kwamba baba anaendelea kuwa mwenye shamba akiwa na miaka 70 au 75, wakati mwanawe mkubwa ameshafikisha miaka 45 na hana hata jaruba moja analoweza kuliita lake.

Katavi ina sababu yake ya ziada. Mkoa huu ulizaliwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Rukwa, na sensa ya mwaka huo ilikuta watu 564,604. Miaka kumi baadaye walikuwa 1,152,958. Yaani idadi ilizidi mara mbili ndani ya muongo mmoja, na hilo haliwezekani kwa kuzaana peke yake. Wafugaji na wakulima kutoka mikoa mingine, hasa ya Usukumani, wamehamia kwa wingi kufuata malisho na ardhi yenye rutuba.

Zamani kijana wa Kikonongo, Kibende au Kipimbwe akitaka kuoa, wazee walimwonyesha pori akafyeka. Hakuhitaji kusubiri baba achoke ndipo apate pa kulima. Leo pori la namna hiyo karibu na mji wa Mpanda limekwisha, na sehemu kubwa ya misitu iliyobaki mkoani ni ya hifadhi. Kijana anayetaka ardhi ana njia tatu tu: anunue, akodi, au amsubiri baba. Kununua kunahitaji mtaji. Kukodi kunahitaji fedha taslimu mwezi Novemba, wakati mifuko imekauka. Kwa hiyo wengi wanasubiri, na wanaochoka kusubiri wanakwenda machimbo ya dhahabu au wanatafuta pikipiki.

Kilichobadilika nyumbani

Matokeo yake hayaishii kwenye mavuno. Yanaingia hadi sebuleni.

La kwanza ni kazi ya pamoja. Wazee wetu walilima kwa ujima. Leo kwako, kesho kwangu, malipo yakiwa chakula na pombe ya jioni. Mfumo huo ulifanya kazi kwa sababu kila nyumba ilikuwa na vijana wa kupeleka kwa jirani. Nyumba yenye wazee wawili na wajukuu wa shule haina wa kumpeleka, kwa hiyo haiwezi kuita watu. Inabaki kutafuta vibarua, na kibarua anataka fedha siku hiyo hiyo.

La pili ni heshima. Zamani mzee aliheshimiwa kwa umri wake, lakini pia kwa sababu yeye ndiye aliyegawa ardhi, aliyelipa mahari na aliyejua mvua itaanza lini. Leo mahari kijana anajitafutia mwenyewe, utabiri wa mvua anausikia redioni au kwenye simu, na ardhi ya kugawa imekuwa finyu. Mzee amebaki na neno moja tu lenye nguvu, nalo ni "shamba ni langu". Ndiyo maana wazee wengine wanalishikilia neno hilo kwa nguvu zote, hata pale ambapo kuliachia kidogo kungewafaa.

La tatu ni mzigo wa bibi. Wapo akina mama wengi wa Mpanda wenye miaka 60 na zaidi wanaolea wajukuu. Baadhi ya wajukuu hao ni yatima. Wengine wazazi wao wako machimboni au mijini, wakituma fedha zinapopatikana. Bibi huyo ni mlezi na ni mkulima kwa wakati mmoja. Anapanda eneo dogo analoliweza, na eneo linalobaki linaota majani.

La nne ni zito, lakini haifai kulinyamazia. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na hii ya magharibi, wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Kosa la wengine lilikuwa kuwa na macho mekundu, wakati moshi wa kuni wa miaka arobaini jikoni unatosha kabisa kuyafanya macho kuwa mekundu. Mara nyingi tuhuma hizo huja pamoja na ugomvi wa mali. Ajuza mjane mwenye shamba zuri na asiye na hati wala wosia yuko katika hatari kubwa kuliko mwenzake ambaye mtaa mzima unajua shamba lake litakwenda kwa nani. Karatasi haimalizi imani za kishirikina, lakini inampunguzia mwenye tamaa sababu ya kufanya haraka.

Yaliyotukuta sisi

Nisije nikaonekana nafundisha watu wengine tu. Mimi ni mtoto wa Majengo. Baba yangu alifika Mpanda miaka ya 1970 kwa treni ya Kaliua, ile njia ya reli iliyofunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Alipata ekari nne Mwamkulu, akazilima mpunga, na mpunga huo ndio ulionisomesha hadi chuo kikuu nikatoka na shahada ya uchumi wa kilimo.

Alipofikisha miaka 68 magoti yalianza kumsumbua. Kaka yangu mkubwa, ambaye alikuwa akizunguka machimboni, alirudi nyumbani na kuanza kulima shamba lile. Hakuna aliyesema kwa masharti gani. Baba alidhani mwanawe anamsaidia mzazi. Kaka alidhani amekabidhiwa. Kwa misimu mitatu alilima, akasawazisha majaruba na kuinua kingo kwa fedha zake, na kila alipovuna alimpelekea baba gunia alizoona zinafaa. Mwaka mmoja sita, mwaka mwingine tatu.

Msimu wa nne mama aliugua. Nauli, vipimo na dawa vilihitaji fedha ya haraka, na kaka hakuwa nayo. Baba akamkodisha mfanyabiashara mmoja wa mjini ekari zote nne kwa misimu miwili, akalipwa papo hapo. Kaka alipata habari siku alipofika shambani na kukuta plau ya mtu mwingine imeshapita juu ya majaruba aliyoyatengeneza.

Hawakusemeshana kwa misimu yote miwili. Kwenye msiba wa shangazi walikaa pembe mbili za turubai.

Nilipowasikiliza kila mmoja kwa wakati wake, sikuona mwenye kosa. Baba alikuwa na haki ya kutumia mali yake kumtibu mke wake. Kaka alikuwa na haki ya kurudishiwa gharama zake. Kilichokosekana kilikuwa ukurasa mmoja wa daftari. Na mimi, msomi wa familia niliyesomea masuala hayo hayo, sikuwahi hata siku moja kuwaambia waandikishane. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Shamba ndilo pensheni

Kwa nini jambo hili ni kubwa kuliko ugomvi wa baba na mtoto? Kwa sababu mkulima hana mafao ya uzeeni kama mtumishi. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea Sh20,000 kwa mwezi, na baadaye kiasi hicho kikaongezwa hadi Sh50,000. Huku Bara kaya maskini zilizoandikishwa na TASAF hupata ruzuku, na sera inataka mzee asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Lakini mkulima wa kawaida ambaye hakuchangia mfuko wowote anategemea vitu viwili, watoto na shamba.

Zamani hivyo viwili vilikuwa kitu kimoja, kwa sababu watoto walikuwa shambani. Sasa vimetengana. Mzee akitaka shamba liendelee kumlisha, lazima ajue analikodisha au analigawa vipi.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano wa ekari nne za mpunga. Namba ninazotumia ni za mfano tu. Msomaji weka bei na mavuno ya kwako.

Tuseme kukodi ekari moja ni Sh100,000 kwa msimu. Mzee akikodisha ekari nne anapata Sh400,000 mwezi Novemba, na habari imekwisha. Mvua ikinyesha au isiponyesha, fedha yake ameshaila.

Sasa tuseme badala yake anakubaliana na mlimaji kwamba atachukua robo ya mavuno. Mwaka mzuri ekari inatoa gunia 12. Robo yake ni gunia tatu kwa ekari, yaani gunia 12 kwa ekari nne. Gunia likiuzwa Sh80,000, hiyo ni Sh960,000. Mwaka mbaya ekari ikitoa gunia tano tu, robo ya jumla ya gunia 20 ni gunia tano, sawa na Sh400,000, ile ile ya kukodisha. Mavuno yakishuka chini ya hapo mzee anapata pungufu, na hilo alijue mapema.

Na mlimaji je? Tuseme gharama zake ni sawa na gunia tano kwa ekari. Mwaka mzuri anabaki na gunia nne baada ya kutoa robo ya mzee. Angelipa kodi ya fedha angebaki na karibu gunia sita, kwa hiyo mwaka mzuri kodi ya fedha inamfaa zaidi yeye. Lakini kwa mtindo wa robo hahitaji kutafuta Sh400,000 mwezi Novemba, fedha ambayo wengi huikopa kwa riba au huilipa kwa kuuza mpunga ukiwa bado shambani kwa bei ya kutupa. Kijana asiye na mtaji, ambaye ndiye mtoto wa huyo mzee, anaweza kuanza.

Kwa hiyo mtindo wa robo unafaa zaidi pale wawili wanapoaminiana na mzee ana njia ya kuona mavuno. Mzee akihitaji fedha ya haraka, kodi taslimu inabaki kuwa njia halali. Kosa ni kukodisha kwa misimu mingi kwa mkupuo mmoja kwa sababu ya shida ya siku moja, kwani bei ya kodi ya mwaka kesho huijui, na katika mkoa ambao watu wanazidi kuongezeka haielekei kushuka.

Wafanyabiashara wadogo mnaokodi mashamba ya wazee, nanyi hesabu hii inawahusu. Shamba la mzee asiyekubaliana na watoto wake ni mtaji ulioweka mahali pabaya. Siku mzee akifariki katikati ya msimu, utakuta warithi watano wamesimama kwenye majaruba yako. Kabla ya kutoa fedha, omba mmoja wa watoto awe shahidi.

Somo kutoka Japani

Wapo watakaosema mambo haya ya wazee ni ya nchi tajiri. Basi tuwatazame waliotangulia. Nchini Japani wastani wa umri wa wakulima umepita miaka 67. Vijana walihamia mijini, wazee wakafariki, na watoto hawakuona haja ya kubadilisha majina kwenye hati za mashamba. Mwaka 2016 ilikadiriwa kuwa ardhi ambayo mwenyewe hajulikani au hapatikani ilikuwa imefika takriban hekta milioni 4.1, ukubwa unaozidi kisiwa chao cha Kyushu. Hali hiyo ilisababisha serikali yao kutunga sheria iliyoanza Aprili 2024, inayomtaka mrithi wa ardhi kuiandikisha ndani ya miaka mitatu.

Tofauti yetu na wao ni moja. Kule shamba lisilo na mwenyewe linaota miti. Hapa Katavi halitakaa hata msimu mmoja, kuna mtu atakuwa ameshalilima. Wao walipoteza kumbukumbu za ardhi, sisi tutapoteza ardhi yenyewe.

Mambo ya kuandika

Baada ya ule ugomvi, familia yetu ilikaa chini wakati mkataba wa yule mfanyabiashara ulipomalizika. Tulitumia daftari la kawaida la mistari. Mambo tuliyoandika ni haya, na naamini yanaweza kumfaa msomaji mwingine.

Moja, mipaka na ukubwa wa shamba, na majina ya majirani wa pande zote nne.

Mbili, anayelima ni nani, kwa misimu mingapi, na mgawo wa mwenye shamba ni kiasi gani. Sisi tulikubaliana robo, ikipimwa shambani siku ya kupura, mbele ya mama.

Tatu, gharama za kuboresha shamba. Kaka akitengeneza kingo au mfereji, kiasi kinaandikwa. Shamba likichukuliwa kabla ya muda, anarudishiwa.

Nne, dharura. Baba akihitaji fedha ya matibabu, anamwambia kaka kwanza kabla ya mtu wa nje, na kaka ana siku kumi na nne za kutafuta. Kipengele hiki kimoja kingetuepusha na ile miaka miwili ya kununiana.

Tano, mbolea ya ruzuku. Tangu mpango huo ulipozinduliwa Agosti 2022, mkulima anajiandikisha na taarifa zake zinakuja kwenye simu. Kama aliyeandikishwa ni mzee na anayelima ni mwingine, mkubaliane mapema, la sivyo ujumbe utalala kwenye simu ya mzee asiyesoma ujumbe huku msimu unapita.

Sita, mbegu na maarifa. Hili baba ndiye aliyelitaka. Kila msimu anakwenda shambani angalau mara tatu, wakati wa kusia, wakati wa kufungulia maji na wakati wa kuchagua mbegu, na nauli yake inatoka kwenye mavuno kabla ya kugawana. Mwanzoni nilidhani ni kumfurahisha mzee. Msimu wa kwanza alimzuia kaka kupanda jaruba la chini mapema kwa sababu analijua maji yake kwa miaka zaidi ya arobaini, na mpunga ule haukuzama.

Ukurasa huo tuliupeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, wakasaini baba, kaka na mashahidi wawili wasio wa familia. Hiyo ni hatua ya kwanza tu. Wenye mashamba vijijini wanaweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Walio ndani ya mipaka ya Manispaa waulize ofisi ya ardhi. Sheria hiyo ya vijiji inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Kwa hiyo jina la mama liwepo, na mabinti wasisahaulike kwa kisingizio kwamba wameolewa.

La mwisho ni wosia. Wengi wanaogopa kwamba kuandika wosia ni kujitabiria kifo. RITA, ambao ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, wanasaidia kuuandika na wanautunza, na mwenye nao anaweza kuubadilisha akiwa hai. Mkataba wa kulima unamlisha mzee angali hai. Wosia unawazuia watoto wasigombane akiwa kaburini. Vyote viwili vinahitajika, na kimoja hakifanyi kazi ya mwenzake.

Msomaji, kama una mzazi mwenye shamba, usisubiri magoti yake yaume au fedha ya hospitali ihitajike. Mkae Desemba hii watoto watakapokuja nyumbani, kabla mpunga haujasiwa. Na kama wewe ndiye mzee, usisubiri watoto waanze, kwa sababu wanaogopa utadhani wanakuombea kifo. Anza wewe. Daftari la mistari linauzwa kwenye kila duka la Majengo.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi kilimo.